Ndugu wa Vumbi

Jumatatu, 9 Machi

Ifahamike kwa wote watakaozaliwa baada yetu kwamba leo, saa nne kasoro robo asubuhi, katika chumba cha takwimu, ghorofa ya pili, mlango wa tatu kushoto ukitoka chooni, nimempa mtu lakabu. Kompyuta kuu ya shirika imeikubali. Skrini iliandika: LAKABU IMEHIFADHIWA. Hakuna aliyepiga makofi. Nilijipigia mwenyewe, chini ya meza.

Mambo yalianza hivi. Bi Msimamizi wa Mfumo, mwenye funguo shingoni na ambaye hajacheka tangu kompyuta iliponunuliwa, alitukusanya asubuhi. Akasema hatuna haja tena ya kuandika zile namba ndefu za watu kila tunapotuma ujumbe. Kila karani atakuwa na faili lake la lakabu. Unaandika jina fupi, herufi zisizozidi nane, mashine yenyewe inajua ni nani. Lakabu moja yaweza kusimama badala ya mtu mmoja au watu mia. Ikiwa ya wengi, inaitwa orodha. Maelezo kamili yamo kwenye jalada la kijani, rafu ya juu.

Mimi majalada sisomi. Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa kubonyeza na kuomba radhi.

Wenzangu wote walianza kwa kumpa Meneja lakabu. Wana haraka ya kupendwa. Mimi nilianza na K-GHL-0417-B. Ndiye karani wa Ghala la Kaskazini; najua tu kwamba ni mwanamke. Saa mbili na dakika kumi kila siku ya kazi ripoti yake inaingia kwenye skrini yangu: namba kumi na tatu, tupu, bila kichwa wala maelezo. Halafu, chini kabisa, mstari mmoja wa maneno. Leo umesema: "Mawingu yamekaa juu ya kilima kama wageni wasiojua waondoke saa ngapi."

Hayo ananiambia mimi. Amwambie nani mwingine? Ripoti naipokea peke yangu.

Mimi najibu neno moja, ndilo linaloruhusiwa: IMEPOKEWA. Miezi kumi na moja sasa. Sura yake siijui. Sauti yake siijui. Mwezi wa nane niliwahi kuongeza alama ya mshangao. Moyo ulinidunda hadi saa ya chakula.

Lakabu niliyompa ni ASUBUHI. Herufi saba. Nafasi moja imebaki wazi. Sijaijaza.

Jumanne, 10 Machi

Pigo! Tangazo limebandikwa ukutani. Ijumaa tarehe 27 ndiyo mwisho wa makarani wa maghala kutuma ripoti. Mizani ya langoni itaunganishwa na waya, itatuma namba yenyewe. Mashine za maghala zitarudishwa makao makuu.

Nimehesabu. Zimebaki asubuhi kumi na nne, pamoja na ya leo ambayo imeshapita.

Nilimwambia dada. (Dada yangu mkubwa ni mshonaji, naishi kwake, chumba cha nyuma, kati ya cherehani ya akiba na mabaki ya vitambaa.) Nilimweleza kwamba kanuni za shirika hazimruhusu mtu wa makao makuu kumwandikia mtu wa ghala neno lolote nje ya takwimu. Akatoa pini mdomoni akauliza kama kanuni hizo zinakataza pia simu. Nikamwambia haelewi mambo ya kompyuta. Akasema kweli, haelewi, akarudisha pini.

Mstari wa leo: "Jua kali. Bati linalia juu ya kichwa changu."

Bati linalia! Na mimi je?

Alhamisi, 12 Machi

Nimepata njia. Nimetetemeka mwenyewe kwa akili yangu.

Kanuni inakataza ujumbe wa mtu kwa mtu. Haikatazi orodha. Orodha ya kazi, ikiwa na shughuli inayoeleweka na watu wasiopungua sita, inaidhinishwa na Bi Msimamizi, na humo watu wa makao makuu na wa maghala huandikiana watakavyo. Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, orodha ikipungua ikawa chini ya sita inakuwaje. Akasema hajawahi kuulizwa. Akasema atakayetaka kutoka atamwandikia mwenye orodha, na mwenye orodha ndiye pekee anayeweza kumfuta.

Basi! Naanzisha orodha ya watu wanane, jambo lake liwe la kuchosha kupindukia. Naandika kila siku. Watu wanachoka. Wanaomba kutoka, mmoja baada ya mwingine. Nawafuta kwa huzuni. Mwisho tunabaki wawili: mimi na Asubuhi, ndani ya orodha halali, yenye idhini na muhuri. Makarani wa ghala ni watu wavumilivu. Yeye hatatoka.

Jambo la kuchosha nililitafuta hadi saa kumi. Kisha nikapiga chafya.

Orodha inaitwa VUMBI. Shughuli: kuhamasisha usafi wa skrini na kibodi. Wanachama: Meneja, mzee wa masjala, dada wa mapokezi, wawili wa mishahara, ambao hata chai wanakunywa kwa zamu, fundi wa viyoyozi, Kalamu Tatu, na Asubuhi. Kalamu Tatu ni jirani yangu wa meza. Ana kalamu tatu mfukoni mwa shati, hata moja hajawahi kuniazima. Ana orodha yake pia, inaitwa MOTO, ya tahadhari za moto. Ina watu arobaini na humo wanapeana matokeo ya mpira.

Bi Msimamizi aliidhinisha bila kuinua macho. Aliniuliza tu kama jalada la kijani nimelisoma. Nikasema niko katikati.

Ijumaa, 13 Machi

Ujumbe wa kwanza wa VUMBI umetoka saa tatu kamili. Mistari ishirini na mbili kuhusu vumbi linavyoingia kati ya herufi J na herufi K. Niliusoma tena mwenyewe nikasinzia. Kazi nzuri.

Hakuna aliyeomba kutoka. Mapema mno. Tutaona Jumatatu.

Mstari wake: "Mvua tangu alfajiri. Turubai limeshika. Mimi nimelowa goti moja tu."

Nimefikiria goti hilo mchana mzima. Kwa nini moja? Alisimamaje?

Jumatatu, 16 Machi

Msiba. Wameipenda.

Mzee wa masjala alinishika mkono kwenye ngazi akaniambia, "Kijana, miaka thelathini nimekaa na vumbi, hakuna aliyewahi kuliandikia." Macho yalikuwa na maji. Dada wa mapokezi anataka mistari mingine kuhusu herufi P. Wale wawili wa mishahara wamegundua kwamba mtu anayefuta kibodi haruhusiwi kusumbuliwa, basi wamefuta tangu saa mbili hadi saa sita.

Meneja aliniita. Nilidhani nafukuzwa. Alisema katika shirika hili watu wanalalamika, hawajitolei. Akasema nimejitolea. Akanipa cheo: Mwenyekiti wa Vumbi. Hakuna nyongeza ya kitu chochote, ila nimepewa kitambaa cha njano.

Nikamuuliza kwa heshima kama ujumbe haukuwa mrefu kidogo. Akasema ungekuwa mrefu zaidi.

Jumatano, 18 Machi

Nikaamua kuwaua kabisa kwa uchovu. Jana niliwatumia historia ya kitambaa cha pamba, sehemu ya kwanza. Mistari sitini. Nimeitunga kichwani, hakuna neno la kweli ndani yake. Leo sehemu ya pili: mistari themanini.

Saa tano na dakika ishirini, ombi la kwanza la kutoka! Niliruka kitini. Kalamu Tatu akauliza nimeumwa na nini.

Ombi lenyewe nalinakili hapa:

"Kwa mwenye orodha ya VUMBI. Naomba kutolewa. Hapa tunahifadhi saruji. Karani, Ghala la Kaskazini."

Saruji.

Miezi kumi na moja naingiza namba zake na sikuwahi kujua ni za nini. Nilikuwa nawaza mchele. Nilimwona kichwani amekaa kati ya magunia meupe, akiokota punje moja begani. Kumbe yuko ndani ya mawingu ya saruji kutwa nzima, na mimi namwandikia kibodi isipanguswe kwa kitambaa chenye nyuzi.

Wale saba wengine wangetoka ningewashangilia. Katoka mmoja, naye ndiye huyo.

Sijamfuta.

Alhamisi, 19 Machi

Nimeamka na wazo lililonituliza. Ombi lile hakuliandikia shirika. Aliniandikia mimi. Mtu kwa mtu! Kanuni inaruhusu: atakayetaka kutoka atamwandikia mwenye orodha. Na mwenye orodha, bila shaka, anaruhusiwa kujibu.

Nilifikiria jibu saa nzima. Nikatuma: "Ombi lako linashughulikiwa."

Maneno matatu! Baada ya miezi kumi na moja ya neno moja!

Sasa, nikimfuta, hataniandikia tena. Nisipomfuta, ataniandikia tena kuulizia. Hesabu hii hata Kalamu Tatu angeiweza. Nitashughulikia taratibu.

Saa ya chakula nilipita nyumbani, dada akaniuliza kwa nini napiga mluzi. Nikamweleza. Alisimamisha cherehani. "Wewe mdogo wangu, mwanamke amekuomba umwondoe, ukakataa, ndiyo unapiga mluzi?" Nikasema sikukataa, linashughulikiwa. Akafungua kitabu cha simu. Dakika moja haikuisha, akanipa karatasi: Ghala la Kaskazini, tarakimu tano. Nimeikunja vizuri nikaiweka mfukoni. Niliporudi ofisini niliiingiza kwenye faili la lakabu, kwa usalama. Mashine ikasema hiyo si namba ya kituo. Nikaibembeleza ikakubali.

Mstari wake: "Ukungu. Lango silioni, nasikia tu mlinzi akikohoa."

Jumatatu, 23 Machi

Ombi la pili limefika! "Ndugu wa Vumbi, ombi langu la Jumatano naona bado linashughulikiwa. Sijui linahitaji watu wangapi. Naomba kutolewa. Asante tena."

Ndugu wa Vumbi! Amenipa lakabu!

Nimekwenda chooni kujitazama kwenye kioo. Ndugu wa Vumbi. Linanikaa vizuri.

Nikajibu: "Ombi lako la pili limepokewa kwa furaha na linashughulikiwa pamoja na la kwanza." Maneno kumi na matatu. Tunakwenda mbio mno, nadhani.

Habari mbaya: Meneja ameagiza idara zote zijiunge na VUMBI. Kalamu Tatu, kwa kijicho, ameichukua MOTO nzima akaitia ndani ya VUMBI, orodha ndani ya orodha. Sasa tuko sitini na mmoja. Kila mtu anatuma. Wanaulizana kama mate yanafaa kusafishia skrini. Kuna anayetafuta mwavuli wake. Kuna mechi imeisha mbili kwa mbili na watu wanatukanana chini ya kichwa cha habari cha vumbi. Ujumbe mia na nne kwa siku moja.

Nilitaka chumba cha watu wawili. Nimejenga uwanja.

Zimebaki asubuhi nne.

Jumanne, 24 Machi

Naandika upesi. Nisisahau hata neno moja.

Saa nne simu ya chumba chetu ililia. Niliipokea mimi. Sauti ya mwanamke, ya chini kidogo, kama ya mtu aliyemaliza kucheka au anayekaribia kuanza. Ikasema:

"Habari za kazi. Mimi ni karani wa Ghala la Kaskazini. Namtaka yule ndugu wa vumbi."

Na mimi nikasema, Mungu anisamehe: "Ametoka."

"Anarudi saa ngapi?"

Nikasema huyo ni mtu wa safari nyingi.

"Basi mpe ujumbe, kaka. Una kalamu?"

Nilikuwa sina. Nilinyakua moja mfukoni mwa Kalamu Tatu, tukio la kwanza la namna hiyo katika historia. Akanisomea, taratibu, kama mtu anayempa mtoto imla: Mwambie mashine yangu mimi haina skrini. Kila wanachoandika huko inachapa kwenye karatasi, papo kwa papo, kwa kelele. Jana imechapa kutwa. Historia ya pamba peke yake ilifika mlangoni, na paka akailalia. Karatasi imeniishia. Ripoti ya leo nimeiandika nyuma ya sehemu ya pili. Mwambie sitaki ugomvi, nataka kutolewa tu.

Nikasema nitamwambia.

Kisha akasema, "Ila mwambie pia, kile kipande cha jinsi vumbi linavyoingia kati ya J na K, nilikisoma hadi mwisho." Akakata.

Nimekaa na mkono wa simu hadi Kalamu Tatu akaniomba kalamu yake. Nimemwagiza: mtu yeyote, wakati wowote, kwa simu au kwa miguu, akimuulizia mwenye orodha ya VUMBI, ajibu ametoka. Sitaweza kuzungumza naye kabla sijajiandaa. Kalamu Tatu akauliza atapata nini. Nimemwahidi uenyekiti wa herufi kubwa.

Alisoma hadi mwisho.

Alhamisi, 26 Machi

Nimekamatwa. Bi Msimamizi ametoa taarifa ya maombi yasiyotekelezwa katika shirika zima. Yalikuwa matatu, yote ya mtu mmoja, yote kwangu. (La tatu lilikuja jana. Lilisema: "Kaka. Tafadhali.")

Alikuja mezani na jalada la kijani, akalitua mbele yangu. Akasema nitamfuta karani yule sasa hivi, yeye akiwa amesimama hapo, kisha nitalisoma jalada lote, leo, neno kwa neno.

Nilibonyeza. Skrini ikaandika: ASUBUHI IMEFUTWA.

Nilimwomba anipe dakika moja. Akanipa. Si mtu mbaya.

Halafu nikasoma. Ukurasa wa kumi na tisa, "Fomu ya Ripoti ya Ghala". Mstari wa kwanza hadi wa kumi na tatu: idadi ya mifuko. Mstari wa kumi na nne: "HALI YA HEWA. Lazima ujazwe kila siku. Saruji huharibika kwa unyevu."

Nikasoma tena. Nikafunga jalada. Nikalifungua, huenda limebadilika.

Mawingu, bati, goti, mlinzi akikohoa ndani ya ukungu. Ni fomu. Aliulizwa hali ya hewa, akajibu hali ya hewa. Miezi kumi na moja nimependwa na mstari wa kumi na nne.

Sikula mchana. Nilikaa ngazini karibu na mzee wa masjala, naye akanimegea nusu ya mkate wake.

Saa tisa nikarudi kumalizia adhabu. Chini ya ukurasa ule ule, kwa herufi ndogo: "Mstari wa 14 ujazwe kwa neno moja: MVUA au KAVU."

Neno moja!

Nilikimbilia ripoti za zamani. Mawingu kama wageni: maneno kumi na moja. Bati: manane. Goti: kumi. Hakuna siku, hakuna hata siku moja, aliyoandika neno moja. Yale mengine yote hakuulizwa na mtu!

Kesho ni siku ya mwisho. Kesho saa mbili na dakika kumi namjibu. Siandiki IMEPOKEWA. Naandika jina langu na mengine yote, na kanuni ijifanyie inavyotaka.

Ijumaa, 27 Machi

Saa mbili kasoro tano Meneja alitangaza Siku ya Vumbi. Kompyuta kuu yenyewe itasafishwa, na Mwenyekiti ataongoza kwa mfano. Nikasema nina ripoti ya kupokea. Akasema Kalamu Tatu ataipokea. Kalamu Tatu akatabasamu kwa meno yote.

Chumba cha kompyuta kuu kina sakafu mbili. Ya juu ni vigae vinavyofunguka kimoja kimoja. Ya chini ni ya nyaya, giza, na kimo cha mtu aliyelala. Humo ndimo nilimoingizwa na kitambaa changu cha njano. Vumbi la miaka tisa. Liliniingia puani, masikioni, mdomoni. Kwa muda wa saa moja na nusu nilifuta nyaya kwa tumbo.

Kisha, juu yangu, hodi.

Ile sauti. Nilijigonga kichwa.

"Hodi hapa. Nimeleta mashine ya Ghala la Kaskazini. Nitie sahihi wapi?"

Kigae kimoja kilikuwa wazi, hatua tatu kutoka nilipolala. Niliviona viatu. Vya kahawia, vya kamba, kisigino kimeliwa upande wa nje. Vimejaa saruji hadi kwenye kamba. Kiatu cha kushoto kilikuwa kikigonga sakafu polepole, kama cha mtu anayesubiri huku anawaza wimbo.

Bi Msimamizi akampa karatasi. Kalamu Tatu, nasema ukweli, akamwazima kalamu.

Akasaini. Akauliza kama ndugu wa vumbi yupo. Alisema hana neno naye, amekwishatolewa, anashukuru. "Nilitaka tu nimwone sura."

Nilijiwazia nilivyo. Nywele zangu zilikuwa za kijivu. Kwenye nyusi nilikuwa na buibui, mzima. Mwenyekiti wa Vumbi atoke chini ya sakafu namna hiyo, mbele ya viatu vile? Nikasema moyoni: dakika moja, nijifute. Nikajifuta kwa kitambaa cha njano. Nikazidi kuchafuka.

Na Kalamu Tatu, mtu asiyewahi kutimiza ahadi tangu nimjue, akasema: "Ametoka."

Asubuhi akacheka. Nilikisikia kicheko chake chote, mwanzo mpaka mwisho. "Kila siku ametoka! Haya. Mwambieni kule leo kuna jua la upande mmoja. Kilima kiko kwenye mwanga, ghala liko kivulini."

Viatu vikageuka. Mlango.

Hakuwa na fomu mkononi. Mashine alikuwa ameshairudisha. Hakuna aliyemuuliza hali ya hewa.

Nilipofanikiwa kutoka, ngazi zilikuwa tupu. Kwenye vigae vyeupe vya chumba cha kompyuta kulikuwa na nyayo za saruji, kumi na sita, nane za kuja na nane za kwenda. Meneja alizitazama, akanitazama, akakitazama kitambaa. Nilizifuta. Nilifuta kumi na tano. Moja, karibu na mlango, niliifunika kwa kapu la taka.

Bi Msimamizi alihamisha kapu saa tisa. Naye sasa ana kitambaa cha njano.

Ripoti ya mwisho Kalamu Tatu aliipokea, akajibu IMEPOKEWA, akaifuta. Nikamuuliza mstari wa chini ulisema nini. Akasema hakumbuki, kitu fulani kirefu.

Jumatatu, 30 Machi

Mizani imeanza kazi. Saa mbili na dakika kumi kamili, namba kumi na tatu. Mstari wa kumi na nne: KAVU.

Nikajibu IMEPOKEWA.

Saa nne dereva wa lori la kaskazini aliingia kuomba sahihi, anachuruzika maji kuanzia kofia hadi viatu. Anasema kule mvua tangu Jumamosi, haijapumua. Nikamuuliza habari za ghala. Akasema wapo. Karani yule hana tena mashine, amewekwa langoni pamoja na mlinzi, anagonga muhuri kwenye stakabadhi za mizigo. Simu iko pale pale langoni, ukutani, usawa wa sikio lake.

Dada, asubuhi, aliniuliza kama karatasi yake bado ninayo. Nikasema namba ipo kwenye mfumo. Akaniangalia kama nguo iliyorudishwa na mteja mara ya tatu.

Nimetulia, nimefikiri, na sasa naona kosa langu lilikuwa wapi. Vumbi! Nani atampenda mtu kwa vumbi? Jambo lenyewe ndilo lililokuwa baya. Njia ilikuwa sawa kabisa. Mizani haijui mvua, na saruji huharibika kwa unyevu, ukurasa wa kumi na tisa. Shirika linahitaji orodha ya kurekebisha hali ya hewa. Inaitwa MVUA. Bi Msimamizi ameidhinisha, watu sita: Meneja, mzee wa masjala, dada wa mapokezi, fundi wa viyoyozi, Kalamu Tatu, na Asubuhi, ambaye lakabu yake nimeiandika upya kwa mkono wangu. Watano hao nitawachosha ndani ya wiki mbili. Nimeshapata somo: aina za matone.

Ujumbe wa kwanza nimetuma saa saba na robo. Niliuandika mara tisa. Unasema: "Je, huko kunanyesha?"

Skrini imejibu: ASUBUHI HAIPO. UJUMBE UMEWAFIKIA WENGINE WATANO.